Jinsi ya Kuchora Nasaba ya Wafalme wa Navarra Bila Kupotea Njiani

Ukiichukua orodha ya wafalme wa Navarra na kuifuata baba kwa mwana, uzi utakukatikia mwaka 905. Ukiuunga, utakatika tena 1076, kisha 1134, kisha 1234, kisha 1274. Orodha haina makosa. Ufalme huu mdogo wa Wabaski, uliokaa kwenye milima ya Pirenei na mji wake mkuu Pamplona, ulirithiwa kwa njia tatu: kwa damu ya baba, kwa damu ya mama, na kwa ridhaa ya wenye nchi. Anayechora njia moja tu anamdanganya msomaji wake. Mwongozo huu unaonyesha namna ya kuziweka zote tatu kwenye karatasi moja, kuanzia Íñigo Arista mnamo 824 hadi ufalme ulipotekwa mwaka 1512.

Karatasi, vipimo na rangi

Tumia karatasi ya A3 iliyolazwa, rula, penseli, na kalamu za bluu, nyekundu na kijani. Piga mstari wa miaka katikati ya karatasi, sentimita 5 kwa kila karne. Kutoka 820 hadi 1520 ni miaka 700, yaani sentimita 35. Karatasi ina upana wa sentimita 42, kwa hiyo zinabaki 7 za pambizo, na utazihitaji mwishoni. Kwa kipimo hiki milimita moja ni miaka miwili. Wapo watawala ambao hawatatosha kuchorwa kipande: Juan wa Kwanza aliishi siku tano tu mwaka 1316, na Malkia Leonor alitawala siku 24 mwaka 1479. Hao wape nukta na jina.

Juu ya mstari chora vipande vya utawala, chini yake chora nasaba. Bluu ni haki iliyopita kwa baba. Nyekundu ni haki iliyopita kwa mwanamke, awe mama, dada, binti au mke. Kijani ni kuchaguliwa, mkataba, au upanga. Kila mtawala apate angalau rangi moja, na wengi watapata mbili. Ukiona karne nzima ina bluu tupu, rudi ukague. Kuna mwanamke umemruka.

Andika kila kitu kwa penseli kwanza, hasa miaka ya karne ya 9. Mwisho wa utawala wa García Íñiguez, mwana wa Íñigo Arista, vitabu vingine huuweka 870 na vingine 882. Usichague kwa kubahatisha. Chora mpaka wa vitone kati ya miaka hiyo miwili na uendelee.

Weka vifundo kabla ya majina

Kosa la kawaida ni kuanzia kwa Íñigo Arista na kushuka. Karne ya kwanza ndiyo yenye ushahidi mchache kuliko zote, na anayeanzia hapo huchoka kabla hajafika penye ardhi ngumu. Weka kwanza vifundo, yaani miaka mikuu ambayo kiti kilielekea ukoo mwingine, au kilibishaniwa, au nchi iligawanyika. Ni hivi: 905, 1035, 1076, 1134, 1234, 1274, 1328, 1441, 1479 na 1512. Weka alama ndogo juu ya kila mwaka, kisha jaza majina katikati.

Majina: tafsiri kwa "bin" kabla ya kuandika

Hadi karne ya 12 jina la pili la mfalme ni la baba yake. García Sánchez ni García bin Sancho. Sancho Garcés ni Sancho bin García. Sancho Ramírez ni Sancho bin Ramiro. Andika "bin" kwa penseli pembeni na nusu ya mkanganyiko itaondoka, kwa sababu familia hii ilikuwa ikizungusha majina mawili vizazi na vizazi: Sancho akimzaa García, García akimzaa Sancho.

Namba ndizo za kuogopa. Wapo wanaomhesabu García Íñiguez kuwa García wa Kwanza na wapo wanaoanza kuhesabu kwa mfalme wa baadaye. Ndiyo sababu García Ramírez anaitwa wa Nne katika kitabu kimoja na wa Tano katika kingine. Kabla ya 1234 tumia jina la baba au la sifa badala ya namba. Baada ya 1284 tatizo linageuka: wafalme wa Ufaransa waliotawala Navarra wana namba mbili. Philip wa Nne wa Ufaransa ni Felipe wa Kwanza wa Navarra, Louis wa Kumi ni Luis wa Kwanza, Philip wa Tano ni Felipe wa Pili, na Charles wa Nne ni Carlos wa Kwanza. Andika namba ya Navarra ndani ya kipande na ya Ufaransa nje yake.

Tarehe: toa 38

Hati za kale za Hispania zinahesabu miaka kwa Era ya Kihispania, iliyotangulia ya Kikristo kwa miaka 38. Ukikuta "Era 1073", toa 38, upate 1035, mwaka aliofariki Sancho Mkuu. Mtu akisahau hatua hii, mfalme anatawala kizazi kizima baada ya kuzikwa. Vyanzo vya Kiarabu vya Andalusi, yaani Hispania ya Kiislamu, vina Hijria: zidisha kwa 0.97, jumlisha 622. Kampeni ya Abd al-Rahman wa Tatu, mtawala wa Córdoba, iliyoiteketeza Pamplona iko mwaka 312 wa Hijria. Hesabu inatoa 924, na ndiyo sahihi.

Tofautisha pia kuingia madarakani na kutawazwa. Carlos wa Tatu alirithi Januari 1387 na akatawazwa Februari 1390. Blanca wa Kwanza alirithi 1425, akatawazwa 1429. Catalina alirithi 1483 na akasubiri hadi 1494. Kipande kianzie kwenye urithi. Kutawazwa kuweke alama ya nyota.

905 na 1035: ukoo wa Jiménez

Mwaka 905 Fortún Garcés, wa mwisho wa ukoo wa Íñigo, aliondolewa kwenye kiti na kuishia katika monasteri ya Leire, ingawa alikuwa na watoto wa kiume. Akaingia Sancho Garcés wa ukoo wa Jiménez, akisaidiwa na Alfonso wa Tatu wa Asturias. Hapo tumia kijani. Lakini usiishie hapo. Mke wa Sancho, Toda Aznárez, alikuwa mjukuu wa Fortún kupitia binti yake Onneca. Vuta mstari mwekundu kutoka Fortún kwenda Onneca, kwenda Toda, hadi kwa mwanawe García Sánchez. Ukoo mpya ulijifunga kwenye ule wa zamani kwa mstari huo.

Onneca anastahili nafasi kubwa kwenye karatasi. Aliolewa pia na Abd Allah, amiri wa Córdoba, wakamzaa Muhammad, baba wa Abd al-Rahman wa Tatu. Kwa hiyo Toda na Muhammad ni ndugu wa mama mmoja, na malkia wa Pamplona ni shangazi wa Khalifa wa Córdoba. Andika neno "shangazi" kwenye mstari huo. Bila hilo hutaelewa kwa nini Toda, tayari mzee, alisafiri hadi Córdoba mwaka 958 pamoja na mjukuu wake Sancho, mfalme wa León aliyepinduliwa, wakapokelewa, na mjukuu akatibiwa unene na Hasdai ibn Shaprut, tabibu wa Khalifa. Alikwenda kwa mwana wa ndugu yake.

Mwaka 925 Sancho Garcés alipofariki, mwanawe alikuwa mtoto mdogo, basi akatawala kwanza ami yake, Jimeno Garcés, hadi 931. Usimchore Jimeno kama mwanzo wa tawi. Mpe kipande chembamba cha bluu chenye mshale unaorudi kwa mpwawe.

Sancho Garcés wa Tatu, Sancho Mkuu, alifariki Oktoba 1035, na hapa wachoraji wengi huandika kwamba aliugawa ufalme kwa wanawe wanne. Nenda polepole. Desturi ilitofautisha urithi wa mababu na ardhi aliyoipata mfalme kwa mkono wake au kwa ndoa. Pamplona, mali ya mababu, ilikwenda kwa García, mkubwa wa watoto wa ndoa. Castilla ilimwendea Fernando kwa haki ya mama yao, Muniadona, ambaye kaka yake, mtawala wa Castilla, aliuawa León mwaka 1029 bila mtoto. Gonzalo alipata Sobrarbe na Ribagorza. Ramiro, mkubwa kwa umri lakini wa nje ya ndoa, alipewa Aragón. Mstari wa Fernando basi ni mwekundu. Ukiupaka bluu utamfanya msomaji aamini Castilla ilikatwa kutoka Pamplona, na vita vya ndugu hawa vitaonekana havina maana. García aliuawa na jeshi la Fernando huko Atapuerca tarehe 1 Septemba 1054.

1076 na 1134: nchi inachagua

Tarehe 4 Juni 1076 mfalme Sancho Garcés wa Nne alisukumwa kutoka kwenye jabali la Peñalén katika njama ya ndugu zake mwenyewe. Wauaji hawakurithi. Makabaila wa Pamplona walimkubali binamu yake, Sancho Ramírez wa Aragón, na Alfonso wa Sita wa Castilla akajichukulia La Rioja, Álava na Bizkaia. Mpe Sancho Ramírez bluu, kwa kuwa ni mjukuu wa Sancho Mkuu kupitia Ramiro, na kijani juu yake.

Miaka 58 Pamplona na Aragón zikawa na mfalme mmoja: Sancho Ramírez, kisha wanawe Pedro na Alfonso Mpiganaji. Alfonso hakuwa na mtoto. Katika wasia wake wa Oktoba 1131 aliuacha ufalme wote, si kwa ndugu wala jamaa, ila kwa mashirika matatu ya dini: Templari, Hospitali na Kaburi Takatifu la Yerusalemu. Alipofariki Septemba 1134 hakuna nchi iliyoutii wasia huo. Waaragón walimtoa nduguye Ramiro kwenye umonaki wakampa taji. Wanavarra wakamchagua García Ramírez.

Hapa piga mistari kwa uangalifu mkubwa. Babu yake García Ramírez alikuwa mwana wa nje ya ndoa wa yule García aliyekufa Atapuerca. Kwa sheria ya kanisa tawi hilo halikuwa na haki. Mama yake, Cristina, alikuwa binti wa El Cid, shujaa wa vita wa Castilla: heshima kubwa, ila haikuwa haki ya kiti. Basi rangi yake kuu ni kijani, na bluu chini yake iwe ya vitone. Matokeo yanaonekana kwenye barua za Roma: kwa kuwa wasia uliwanufaisha watu wa kanisa, Papa aliendelea kuwaita watawala wa Navarra "dux", cheo kilicho chini ya mfalme, hadi 1196. Hata jina la nchi lilibadilika katika kipindi hiki. Mwana wake, Sancho Mwenye Hekima, mnamo 1162 aliacha kujiita mfalme wa Pamplona akajiita mfalme wa Navarra. Badilisha kichwa cha mchoro hapo hapo. Kuandika "Navarra" juu ya Íñigo Arista ni kosa dogo linaloonekana haraka na anayejua.

1234: mpwa anatoka Champagne

Sancho mwenye Nguvu, mwana wa Sancho Mwenye Hekima, hakuacha mwana wa ndoa. Mwaka 1231 huko Tudela yeye na Jaime wa Kwanza wa Aragón waliasiliana, kila mmoja akimfanya mwenzake mrithi wake. Sancho alikuwa mzee, Jaime kijana wa miaka 23, kwa hiyo ilieleweka nani angemrithi nani. Sancho alipofariki tarehe 7 Aprili 1234, Wanavarra waliuweka mkataba pembeni wakamwita Teobaldo wa Champagne, jimbo la Ufaransa, mtoto wa Blanca, dada wa Sancho. Chora mstari wa kijani kutoka Tudela, ukatishe kwa alama ya msalaba, kisha vuta mwekundu kupitia Blanca. Mistari iliyokatwa ni sehemu ya nasaba. Ukiifuta, msomaji hataona ni kitu gani nchi ilikikataa.

Mfalme mgeni aliletea wenyeji wasiwasi, na mwaka 1238 ilikubaliwa haki za kale ziandikwe. Kutoka hapo ikakua Fuero General, kitabu cha sheria za nchi, ambacho mwanzo wake unaeleza jinsi mfalme anavyoinuliwa. Akeshe kanisani usiku, asikilize misa, atoe sadaka ya nguo ya zambarau na fedha ya sarafu yake, akomunike. Asimame juu ya ngao yake, makabaila waishike na kuinyanyua, na watu wapaze sauti mara tatu: Real, Real, Real. Arushe sarafu kwa umati hadi thamani ya sueldo 100, fedha ya wakati huo. Kisha ajifunge upanga yeye mwenyewe, ili ifahamike kwamba hakuna mfalme mwingine wa dunia mwenye mamlaka juu yake. Kabla ya yote hayo lazima aape kuzitunza haki za nchi, kutoanzisha vita wala kufanya amani bila shauri la makabaila 12 au wazee 12 wenye hekima, na akiwa mgeni asiweke wageni zaidi ya watano kwenye vyeo. Nakili masharti haya kwenye pambizo. Ndiyo maana ya rangi ya kijani: hata mtoto halali wa mfalme alipaswa kuapa ndipo ainuliwe.

1274 hadi 1328: jaribio la mchoro wako

Enrique wa Kwanza, mwana wa Teobaldo, alifariki 1274 akiacha binti mchanga, Juana. Mwanawe mdogo alikuwa amekufa kwa kuanguka kutoka ngome ya Estella mwaka uliotangulia. Juana aliolewa 1284 na yule aliyekuja kuwa Philip wa Nne wa Ufaransa, na watoto wao watatu wa kiume walitawala mmoja baada ya mwingine. Hapa jitahidi kukumbuka kwamba Navarra ilikuwa ya Juana, si ya Philip.

Tarehe 1 Februari 1328 Charles, wa mwisho wa ndugu watatu, alifariki bila mwana. Andika wadai kwenye karatasi ya pembeni na uwapime mmoja mmoja. Philip wa Valois, aliyepewa Ufaransa, alikuwa mtoto wa ndugu wa Philip wa Nne. Hana tone la damu ya Juana, basi kwa Navarra hana kitu. Edward wa Tatu wa Uingereza ni mjukuu wa Juana kupitia Isabella, anayo damu, lakini mabinti wa wajomba zake wanamtangulia. Miongoni mwa mabinti hao, wa kwanza ni mtoto wa mkubwa wa ndugu, Louis: Juana wa Pili, aliyezaliwa 1312 na kurukwa mara mbili na ami zake. Machi 1328 Wanavarra walikutana Puente la Reina, wakamwondoa gavana wa Kifaransa, wakaweka wasimamizi wawili wa nchi, na Mei wakamtambua Juana. Alitawazwa Pamplona Machi 1329 pamoja na mumewe, Felipe wa Évreux.

Kama mistari yako myekundu iko sahihi, utalifikia jibu hilo hilo kwa kidole bila kusoma kitabu. Usipolifikia, kuna uwezekano mkubwa umemchora Philip wa Nne kama chanzo cha haki.

1441: mume anayekataa kushuka

Waume wa malkia waliitwa wafalme, na hapo ndipo michoro mingi huharibika. Kanuni ni nyepesi: mpe mume kipande chembamba kilicholala chini ya cha mkewe, kiishie mke anapokufa. Kwa Felipe wa Évreux hakuna shida, maana alifariki 1343, kabla ya mkewe. Kwa Juan wa Aragón, mume wa Malkia Blanca wa Kwanza, kanuni inavunjika.

Blanca alifariki Aprili 1441. Mrithi alikuwa mwanawe Carlos, aliyekuwa na cheo cha Mkuu wa Viana, kilichoundwa na babu yake, Carlos wa Tatu, Januari 1423 kwa ajili ya mrithi wa kiti. Lakini wasia wa Blanca ulimwomba asijiite mfalme bila ridhaa ya baba yake. Baba hakuridhia. Mwaka 1451 vita vya wenyewe kwa wenyewe vikalipuka, kundi la Wabeaumont upande wa mwana na kundi la Wagramont upande wa baba, na Carlos akashindwa Aibar. Mwaka 1455 Juan aliwanyima urithi Carlos na dada yake Blanca, akaupeleka kwa mdogo wao Leonor na mumewe Gaston wa Foix. Carlos alifariki 1461, Blanca 1464, na Juan akabaki kwenye kiti hadi Januari 1479, miaka 38 baada ya kifo cha mwenye haki. Chora vipande viwili sambamba kutoka 1441: cha Juan kwa kijani, kwa sababu alishika kwa nguvu, na cha watoto wake kwa nyekundu ya vitone.

1512 na pambizo

Leonor alipofariki Februari 1479 alirithiwa na mjukuu wake Francisco Febo, kijana aliyefariki 1483, kisha dada wa kijana huyo, Catalina. Ami yao, Juan wa Narbonne, alidai kwamba mwanamume atangulie. Desturi ya Navarra haikumuunga mkono, lakini usimfute. Dai lake lilikwenda kwa mwanawe Gaston, na huyo alipouawa vitani Ravenna tarehe 11 Aprili 1512, likaangukia kwa dada yake Germaine, mke wa Fernando Mkatoliki. Julai mwaka huo huo jeshi la Fernando liliingia Navarra, na Pamplona ikajisalimisha tarehe 25. Fernando alikuwa mwana wa yule Juan wa Aragón, ila kwa mke wa pili, kwa hiyo hakuzaliwa na Blanca. Mpe kijani tupu, na mshale mwembamba mwekundu kutoka kwa Germaine ili dai lionekane lilikotoka.

Sasa tumia zile sentimita za pambizo. Mistari miwili inaendelea kulia. Wa juu uandike "Castilla, 1515", mwaka nchi ilipounganishwa rasmi na taji hilo. Wa chini ni wa Catalina na mumewe Juan wa Albret, waliobaki na kipande kidogo kaskazini mwa Pirenei: Enrique wa Pili, binti yake Juana wa Tatu, na mwana wa Juana, Enrique wa Tatu wa Navarra, aliyekuwa Henri wa Nne wa Ufaransa mwaka 1589. Namba zake mbili ziandikwe kama ulivyofanya kwa Philip, ya Navarra ndani na ya Ufaransa nje. Mstari wa chini uuishie 1620, mwaka Louis wa Kumi na Tatu alipoiunganisha sehemu hiyo na Ufaransa.